Daktari na Sista Walionuniana

Bwana asifiwe, kanisa! Itikieni kwa nguvu, maana huyu mnayemwona hapa mbele nusura azikwe na uji tumboni!

Mnanijua, mimi ni Mama Mghoi, muuza chai kule Maungu yanakosimama malori. Mwaka ule wa El Nino nilishikwa na uvimbe tumboni, nikafura kama mjamzito, na mume wangu Bwana alishamchukua! Hebu fikirieni maneno ya watu! Maumivu yakazidi, nikalazwa hospitali, jina lake naliacha. Nikaomba, "Mungu wangu, nipe daktari mzuri."

Ndugu zangu, alikuwa mzuri! Na Sista Wakesho, mkubwa wa manesi wodini, alikuwa mzuri vilevile, alinigeuza kitandani kama mtoto wake. Lakini kila asubuhi daktari alipita kuona wagonjwa bila nesi hata mmoja. Anafika kwangu, anasema Kiingereza chake na kijana wa mafunzo, anaenda. Sista yuko mezani kwake, hata hainui macho. Nikadhani hospitali ndivyo zilivyo.

Ikafika siku ya kupasuliwa. Daktari alikuwa amemwambia yule kijana kwa Kiingereza kwamba nisile chochote, lakini manesi hakuwaambia, nao hawakumuuliza. Wakaniletea uji. Nikamaliza kikombe, nikaomba kingine! Punde si punde nikasukumwa kwa machela hadi thieta. Yule wa dawa ya usingizi akaniuliza, "Mama, hujakula kitu, sivyo?"

"Nimekula uji, tena mtamu."

Wee! Sindano ilikuwa mkononi tayari! Akaruka nyuma. Akanieleza kwamba ningelala, uji ungepanda na kuingia kwenye mapafu, na singeamka tena. Upasuaji ukaahirishwa.

Kurudi wodini, Bi Zuhura wa kitanda cha pili, mama wa Kiislamu wa Voi mjini, akaniambia, "Mwanangu, hawa hawasemezani. Daktari alimkemea sista mbele yetu sote, na tangu hapo kila mtu na njia yake."

Yesu wangu! Hapo nilishtuka kuliko kule thieta! Watu wazima! Roho yangu iko mikononi mwao, nao wamenuniana!

Asubuhi iliyofuata daktari alipofika kwangu nilimkamata koti. "Huondoki! Sista, njoo hapa! Mimi ni mgonjwa wa nani? Kama ni kugombana, ngojeni nipone kwanza!"

Bi Zuhura akasema, "Waambie!" Daktari akainamisha kichwa. Ndugu zangu, sikuamini masikio yangu: "Sista, nilikukosea." Sista akaja akasimama upande wa pili wa kitanda, machozi yakimtoka. "Na mimi nilipaswa kukuuliza habari za huyu mama," akasema.

Kuanzia hapo walipita pamoja, kitanda kwa kitanda. Daktari anauliza tumelalaje, sista anajibu, na kabla hawajasonga sista anatueleza yaliyoamuliwa kwa Kiswahili. Nilipasuliwa, uvimbe ukatoka, na leo nasimama.

Lakini mpaka sasa nashangaa! Nilikaribia kufa mikononi mwa watu wawili wazuri! Mtumainini Bwana, wapendwa, Yeye hajawahi kumnunia mtu. Na kama humu ndani kuna mtu hamsemezani naye, usingoje ibada iishe. Inuka, mwendee sasa hivi.