Viwavi Hawajui Msiba

Sogeeni karibu, wanangu, maana sauti yangu imebaki ya kunong'ona, na sitaki kesho mmoja aseme mama alitaka hivi na mwingine aseme alitaka vile. Mkubwa, kaa hapo miguuni. Binti yangu, niinue kidogo. Na wewe kitindamimba, zima hiyo simu; anayekutafuta akikukuta yatima atakuonea huruma zaidi.

Daktari amenieleza nyinyi mkiwa nje, nami sikumbishia. Mwili ni wangu, najua ulipofika. Kinachonisumbua si kufa, ni kufa wiki hii, viwavi wetu wa hariri wakiwa kwenye ulaji wao wa mwisho kabla ya kusokota. Sasa hivi hawashibi. Wakikosa majani siku moja tu, watasokota vifuko vyembamba kama karatasi, na Bwana Mizani, huyo mnunuzi wetu wa pekee, atavitupa daraja la mwisho huku akicheka. Zao hili likiharibika, hamtakuwa na la kushika, na shamba mtaliuza. Msitazamane. Juzi mlidhani nimelala.

Mkubwa, kinyongo chako nakijua. Marehemu baba yenu aliponunua mabati mlirukaruka kwa furaha, mkidhani mnaagana na paa la nyasi, sisi tukayaezeka juu ya nyumba ya viwavi, na nyinyi mkaendelea kuvujiwa. Ukaniuliza, wakati huo huna meno ya mbele, "Mama, nikianza kula majani, na mimi nitapewa bati?" Baba yenu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka, na sijasahau. Lakini elewa, mwanangu: kiwavi akilowa hufa, mtoto akilowa hukohoa kisha akapona. Hivyo ndivyo maskini anavyopiga hesabu zake, na hesabu hiyo ndiyo iliyokupeleka shule.

Shamba msiligawe. Kila mmoja akichukua mistari yake ya miforosadi, hakuna atakayeweza kulisha hata chano kimoja cha viwavi mpaka mwisho. Mtaanza kuibiana majani, kisha mtaitana wachawi. Litabaki la wote, na msimamizi ni binti yangu, kwa sababu ndiye anayenusa ugonjwa kwenye vyano kabla haujaonekana kwa macho. Usinune, Mkubwa. Kununa kunazeesha, na kipara tayari unacho.

Sasa sikilizeni habari ya Bwana Mizani. Kila msimu anachelewa, na kila msimu anasingizia barabara. Si barabara. Anajua kwamba kifuko kibichi kikikaa, kiwavi aliyemo atageuka nondo, akitoboe atoke, na kifuko kilichotobolewa uzi wake umekatika, hakina mnunuzi. Kwa hiyo anatuacha tuhangaike, halafu anakuja na kutaja bei akiwa bado juu ya pikipiki, hata mguu hajashusha. Nasi tunasema asante. Msimu huu msiseme asante. Nimezungumza na mwoka mikate wa sokoni: akishaoka, tanuri lake hubaki na joto la kutosha, mtavitandaza vifuko humo mpaka nondo wafie ndani na vikauke kabisa. Kifuko kikavu hakina haraka. Mtavihifadhi darini, mtafute mnunuzi wa pili, na Bwana Mizani akija mwambieni karibu chai. Mtaona atakavyoshuka kwenye pikipiki. Mwoka mikate ameomba jambo moja tu, mikate yake isije ikanuka mdudu.

Nikifa watu watajaa hapa. Wapokeeni vizuri, lakini moto wa kuwapikia wageni uwashwe ng'ambo ya nyumba hii, moshi usiwafikie viwavi. Anayevuta sigara akavutie barabarani, hata akiwa mjomba wenu. Aliyejipaka marashi asikaribie mlango wao. Na alfajiri majani yakatwe kama kawaida. Watawasema: mama yao hata hajazikwa, wao wako shambani! Waacheni waseme. Viwavi hawajui msiba. Binti yangu, ukitaka kulia, lia huku unakata.

Nipe maji... Hapana, yaache. Tulieni kwanza. Mnasikia kule? Kimya. Wakila huwa wanachakarisha mpaka huku chumbani. Wamemaliza, vyano vimebaki vijiti vitupu, na nyinyi watatu mmenikalia hapa kama picha ukutani.

Nendeni. Wote. Nani kakwambia ubaki, kitindamimba? Kunitazama hakutanirudisha. Nimewaridhia, kila mmoja wenu, sina kinyongo na yeyote. Mungu awape mikono isiyochoka... asiwafarakanishe... awape watoto watakaolala pakavu. Shika vikapu, Mkubwa. Haraka, majani yasinyauke njiani.

Mlango... uacheni wazi. Niwasikie wakianza kula.