Bi Lorna Haverkamp Anastaafu Siku Dirisha Linapofungwa

Baada ya miaka thelathini na mmoja kazini kwetu, mingi yake akifuatilia vijana wa timu zetu za chini, Bi Lorna Haverkamp anastaafu leo, Alhamisi, tarehe 31 Julai 2025, saa kumi na mbili jioni. Saa hiyo hiyo dirisha la usajili linafungwa. Aliyempangia tarehe hii hajulikani, na akijulikana atafute pa kujificha, maana ofisi nzima imeshindia mbegu za alizeti na hakuna aliyethubutu kwenda kula.

Alianza mwaka 1994 akiwa mpokea simu. Wakubwa walipogundua kwamba makocha wa mikoani wanamwambia yeye mambo wasiyowaambia wao, wakampa kazi hiyo rasmi, na meza ya karibu na dirisha. Tangu hapo, kila asubuhi, amepiga simu kuanzia Marietta, wanakoanzia vijana wetu wa besiboli, hadi Elkhart, ngazi ya mwisho kabla ya timu kubwa. Nani kapiga vizuri, nani karusha vibaya, hayo tunayaona kwenye kompyuta. Yeye huuliza mengine: kijana anakula? Analala? Kwenye basi anakaa na nani? Kocha akisitasita kujibu, Bi Lorna huchukua funguo za gari.

Si kwamba hakosei. Alituapia kuwa mrushaji Trent Oakley angekuwa nyota. Trent sasa anauza boti Michigan. Kila Krismasi humtumia Bi Lorna kadi, naye huibandika ukutani bila aibu yoyote.

Mtu mwenye wasiwasi kumshinda sijamwona, na mimi ninayeandika haya, Curtis wa chumba cha video, si mtulivu hata kidogo. Kinachomtisha zaidi ni kukumbatiana. Katika kazi hii, mchezaji akitolewa katikati ya mchezo bila kuumia, halafu wenzake wakaanza kumkumbatia benchini, kuna mawili tu: amepandishwa timu kubwa, au ameuzwa. Ukiwatazama kwenye skrini huwezi kujua ni lipi. Mwaka mmoja tulimwona Duane Mabry akikumbatiwa, tukakata keki, na mtu akampigia mama yake huko Arkansas kumpa hongera. Kumbe Duane ameuzwa, tena anashushwa ngazi. Bi Lorna ndiye aliyempigia mama yule mara ya pili. Tangu siku hiyo ana sheria yake: hakuna mama anayepigiwa simu mpaka mwanawe aonekane uwanjani amevaa shati la timu kubwa.

Sheria hiyo leo imemtesa mwenyewe, kwa sababu ya Eliezer Paniagua, mdakaji wetu wa Elkhart, anayechuchumaa kudaka mipira ya mrushaji. Miaka kumi iliyopita Bi Lorna alikwenda Baní, Jamhuri ya Dominika, kushuhudia kijana huyo akitia saini. Mama yake, Altagracia, hakuuliza lolote kuhusu mkataba. Alimshika Bi Lorna mkono.

"Dada, huyu mwanangu akinipa habari njema huwa ananibembeleza tu nisilie. Siku akifika juu, nipigie wewe. Wewe nitakuamini."

"Nitakupigia, dada. Mimi mwenyewe."

Likaja jeraha la goti, likaja la bega. Mara mbili Eliezer alimwambia mama yake kwamba anapanda, na mara zote mbili mdakaji wa timu kubwa akapona ghafla. Sasa kila Jumapili akipiga simu nyumbani, mama humjibu, "Lorna hajanipigia. Kwa hiyo bado uko kwenye basi." Ana miaka ishirini na saba, mkataba wake unaisha msimu ukiisha, na kaka yake amemwekea nafasi kwenye duka la matairi.

Leo Elkhart walicheza mchana. Katikati ya raundi ya tano kocha Burl Stennett alitoka benchini akamwita Eliezer. Eliezer akavua barakoa yake ya chuma. Mrushaji akamkumbatia wa kwanza, kisha benchi zima.

"Huyo kapanda," nikasema.

"Funga mdomo, Curtis."

"Lakini mdakaji wa timu kubwa anachechemea tangu Jumanne."

"Keki ya Duane ulikula vipande vingapi?"

Bi Lorna akampigia Burl, simu ikaita bila kupokelewa. Akapiga tena. Juu kwa wakubwa milango ilikuwa imefungwa, na siku kama hii hawamwambii mtu kitu mpaka chama cha ligi kiidhinishe. Bi Lorna alisimama dirishani ameishika simu kwa mikono miwili. Niliogopa, nakiri, kwa sababu sikuwahi kumwona akilia kabla ya leo.

"Nitaondoka bila kumpigia yule mama," akasema. "Miaka kumi, Curtis, halafu nitaondoka hivi hivi."

Ilikaribia saa kumi na moja Burl alipopiga.

"Bi Lorna, wamemuuza. Timu moja ya Texas."

Bi Lorna akakaa chini. "Wanamshusha?"

"Hapana. Mdakaji wao kavunjika kidole. Wanamtaka kesho jioni, timu kubwa. Dogo yuko hapa kwenye gari langu, analia tu. Anauliza kama ile ahadi bado ipo, maana yeye si wetu tena."

"Mwambie kuanzia saa kumi na mbili hata mimi si wenu."

Nilidhani angepiga simu Baní palepale. Hakupiga. Ndege inaweza kuchelewa, kidole kinaweza kupona, kocha mgeni anaweza kubadili mawazo. Sheria ni sheria. Ameweka simu kwenye chaji na anafungasha kadi za Trent.

Tafrija ya kumuaga ni kesho, Ijumaa jioni, kwenye ukumbi wa chakula. Kutakuwa na soseji za kuchoma na saladi ya viazi. Runinga tumeiweka mbele ya kiti chake, na wazungumzaji wote wameonywa wawe wafupi.

Bi Lorna, tunakushukuru kwa kila asubuhi uliyouliza kama mtoto wa mtu amekula. Tunakuombea mapumziko yasiyo na wasiwasi, ingawa tunajua hutayaweza. Kesho, ukiona tumekatiza hotuba, ujue Eliezer ameingia uwanjani na shati lake. Usingoje zawadi, wala usituage. Toka nje umpigie mama yake. Ukirudi ndani, hapo ndipo utakuwa umestaafu.