Ndugu wa Kitanda Chochote

Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025, asubuhi, marehemu mke wangu alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda anavaa viatu. Nikamuuliza anakwenda wapi.

"Hospitali. Kumwona mgonjwa."

"Mgonjwa gani?"

"Sijui bado. Nikifika nitamjua."

Nikamkumbusha daktari alivyosema, moyo wake autunze. Akasema, "Nautunza, ndiyo maana nautembeza." Akachukua mkoba, akaniambia chai iko kwenye chupa, akatoka. Hiyo ndiyo asubuhi yetu ya mwisho nyumbani. Chai niliinywa nimesimama.

Mimi sikusoma. Haya nimesema kwa mdomo, mjukuu wetu ameandika, shemeji yangu anawasomea. Tangu Alhamisi hadi jana sikuweza kukaa mahali pamoja. Naingia chumbani, natoka. Naingia jikoni, natoka. Kuna jambo moja lilikuwa linanizungusha: maneno ya mwisho ya marehemu aliyasikia mtu mwingine, si mimi. Nitafika hapo. Kwanza azaliwe.

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1950, mtoto wa pili kati ya watano, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Baba yake alikuwa fundi humo, mama yake alishona nguo za watu. Dada yake, ambaye yuko hapa, anasema marehemu alianza kutembea mapema na tangu siku hiyo hakuketi tena.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwao, akamaliza darasa la saba mwaka 1964. Alitaka kuendelea, lakini baba yake aliugua, akawa yeye ndiye wa kumuuguza. Mzee alilazwa muda mrefu. Kwenye kitanda cha pili yake kulikuwa na mtu asiye na wa kumletea hata maji, basi binti akawa anabeba maji ya wawili. Baba yake alilalamika kwamba yule mwingine ndiye anayepata kikombe kizuri.

Mwaka 1968 aliajiriwa katika hospitali hiyo hiyo, chumba cha kufulia. Alifua mashuka, akayaanika, akayapiga pasi, na alasiri akayapeleka wodini kwa toroli. Alasiri ndiyo saa ya kuona wagonjwa. Alisukuma toroli huku anaangalia vitanda. Kitanda chenye watu anapita. Kitanda cha mgonjwa asiye na mtu anasimama. Akiulizwa, "Wewe ni nani wake?" anajibu, "Ndugu." Basi. Hilo neno ni pana kama shuka, na yeye alilivuta mpaka likamfunika kila mtu.

Hata mimi lilinifunika. Nilikuwa mwashi. Agosti 1971 niliteleza juu ya ukuta, nikaanguka, nikavunjika nyonga. Mjini nilikuwa mgeni. Siku ya pili msichana mwenye toroli akasimama miguuni pangu.

"Watu wako wako wapi?"

"Mbali."

"Basi nipo mimi. Unataka nini?"

"Sitaki kitu."

"Hiyo 'sitaki kitu' ndiyo sina," akasema, akaniletea sabuni.

Akawa anakuja kila siku, na wauguzi wakashika kwamba dada yangu yuko chumba cha kufulia. Tulipotangaza ndoa, muuguzi mkuu alimwita pembeni.

"Binti, nasikia unaolewa na kaka yako."

"Si kaka yangu, mama."

"Si ulinijibu mwenyewe kwamba ni ndugu yako?"

"Ni ndugu wa kitandani tu."

Yule mama akashika kichwa. "Hapo ndipo umeharibu kabisa."

Tulifunga ndoa tarehe 9 Juni 1973, na hospitali nzima ilikuja kuangalia kama tunafanana. Mungu alitupa watoto watatu. Kitu kimoja nilimuuliza mara nyingi katika ndoa yetu: kama na mimi nilikuwa kitanda tu kilichokosa watu. Hakunijibu sawasawa hata mara moja. Alikuwa akisema, "Wewe ulikuwa msumbufu kuliko wote," kisha anaondoka na kazi yake.

Mwaka 1994 lori lilipinduka nje ya mji, na utingo wake akaletwa amezimia, mguu umesagika. Daktari alihitaji ndugu wa kutia saini ili mguu ukatwe, la sivyo kijana anakufa. Marehemu alikuwa anapita na mashuka. Jioni alirudi nyumbani akawa anazunguka meza.

"Baba watoto, leo nimetia saini mguu wa mtu."

"Mguu wa nani?"

"Jina sijui."

"Watu wanatia saini barua, wewe unatia saini miguu. Akiamka akaudai?"

"Atanidai mimi. Wewe hujatia saini."

Aliudai kweli. Alimtukana marehemu mbele ya wodi nzima, akauliza nani kampa huyu mama undugu. Marehemu akamaliza kutandika kitanda, akatoka. Kesho yake akarudi, akatukanwa. Akarudi tena. Mwishowe yule utingo akachoka kutukana, akamuuliza, "Kwani wewe mama huna kwako?"

"Ninako," akasema. "Lakini na huko kuna mwingine kama wewe."

Wodi ikacheka, na yeye akacheka. Tangu hapo anatuita baba na mama. Leo ni fundi redio na ana wajukuu wake. Mnamwona pale na magongo yake. Sisi nyumbani tunamwita Utingo mpaka leo, na yeye haoni vibaya.

Marehemu alistaafu mwaka 2005. Alistaafu mashuka tu. Alasiri ikifika alikuwa anavaa viatu. Nilimwambia wodini kuna ndugu wengi kuliko wagonjwa sasa, apumzike. Akasema atapumzika akikuta siku moja vitanda vyote vina watu.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka jana. Alikuwa akipanda ngazi anasimama katikati, anajifanya anaangalia picha ukutani. Jumanne ile niliyoitaja, alianguka wodini kando ya kitanda cha mtu aliyekwenda kumwona. Wakamlaza kitanda cha jirani yake. Nilipofika, jambo la kwanza aliloniambia lilikuwa, "Sijamuuliza hata jina." Jumatano alizungumza vizuri, akala kidogo, akamgombeza muuguzi kwa shuka lililotandikwa ovyo.

Alhamisi, tarehe 16 Oktoba, alasiri, nilitumwa dawa duka la nje. Niliporudi nikakuta mlinzi mgeni mlangoni. Wodi ile wanaingia watu wawili kwa kila mgonjwa.

"Subiri, mzee. Ndugu zake wawili wameshaingia."

"Mimi ni mumewe."

"Na wao wamesema ni ndugu."

"Ndugu gani?"

"Mzee, undugu haupimwi hapa mlangoni. Akitoka mmoja utaingia."

Muuguzi akaipokea dawa, mimi nikabaki nje. Ndani alikuwemo Utingo, na mwanamke mmoja ambaye hadi leo simjui. Nilikwenda mwisho wa korido nikarudi. Nikaenda nikarudi. Mlinzi akaniambia nitamchimbia sakafu. Mara mlango ukafunguka, nikamwona Utingo anatoka, magongo kwapani, anasukuma kiti kwa ubavu. Yule mwanamke akatoka nyuma yake.

"Daktari ameingia, ametutoa wote," Utingo akasema. "Kaa, baba."

"Sitaki kukaa."

"Kaa. Nimehangaika nacho."

Nikaona haya. Mtu wa mguu mmoja ameniletea kiti mimi wa miguu miwili. Nikakaa. Nilipokuwa nimekaa hapo, saa kumi kasoro robo, mke wangu alifariki upande wa pili wa ukuta.

Nilimuuliza Utingo pale pale marehemu alisema nini mwishoni. Akasema, "Hakusema kitu, baba," lakini aliangalia chini. Ijumaa nikamuuliza tena. Jumamosi nikamshika mkono, nikamwambia hatoki mpaka aseme. Akasema, "Mama alinikataza."

Hapo ndipo usingizi uliponiruka kabisa. Miaka hamsini na miwili tumelala ubavu kwa ubavu, halafu neno la mwisho anampa mtu aliyemkuta wodini, na anamwambia nisiambiwe mimi. Nikalirudia lile swali langu la siku zote, na safari hii hakukuwa na mtu wa kunijibu hata kwa utani. Watoto walinitandikia mkeka, wakaniletea uji, wakaniambia baba tulia. Sikutulia.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba na dada mmoja. Ndugu wengine siwezi kuwataja, maana wengi siwajui. Najua mmesimama kule nyuma mnaulizana kama inafaa kusogea. Sogeeni mbele. Leo hapa hakuna mlinzi.

Jana jioni Utingo alikuja nyumbani akanikuta nazunguka uani. Aliniangalia nikienda na kurudi. Mwishowe akasema, "Baba, ahadi hii itakuua. Bora mama anigombeze mimi huko tutakakokutana." Akaniambia. Nikakaa chini pale pale uani, na usiku nikalala.

Mungu ampumzishe yeye mwenyewe, maana mke wangu hakuwahi kujua namna ya kupumzika. Maneno yake ya mwisho, kama alivyoyasema kitandani akimwambia Utingo, ni haya:

"Huyo anayetembea nje ni mzee wangu, hajui kungoja. Mpelekee kiti. Usimwambie mimi nimekutuma, atakataa."