Kura Yangu na Kura ya Washona Makuti

Swali lililoninyima usingizi karibu mwaka mzima ni hili: mama zangu washona makuti nimewapa kazi, au nimewapeleka kuibiwa? Nilikuwa nikilijibu upande mmoja, linageuka upande wa pili. Ndivyo nilivyo. Hata kununua sabuni nasoma karatasi yake mpaka mwenye duka anaichoka sura yangu.

Mama zangu mliopo hapa shikamooni, na nyinyi kaka wachache mliokaa karibu na mlango kana kwamba mna safari, habari zenu. Mwenyekiti wa chama ameniomba nizungumze kwa utulivu, na nitajaribu. Ila nawaambia mapema, bado nina hasira. Karatasi hii nimeiandika mara nne nikitoa maneno makali, na kila nikiyatoa yanarudi yenyewe.

Nilimaliza chuo, shahada ya takwimu, nikarudi hapa Muyeye kutuma maombi ya kazi ambayo hayakujibiwa. Mama yangu mzazi yuko katika kundi la akina mama kumi na wanne wanaoshona makuti huko Magarini. Makuti yao ndiyo yanayoezeka nyumba nyingi za wageni mnazozipita Malindi. Lakini majani walikuwa wakiyanunua kwa dalali, na dalali ndiye aliyekuwa akishiba. Walitaka kitu kimoja tu: wakodi wenyewe shamba la minazi, waokote majani yao. Mwenye shamba aliwaambia walete kodi ya mwaka kabla ya mvua za masika, la sivyo anampa dalali tena.

Hapo mimi msomi nikaingia na simu yangu.

Kuna mtandao wa kijamii, siutaji jina, unaolipa watu kwa wanachochapisha. Ukiweka picha au maandishi, wengine wanapiga kura, na kura zinageuka sarafu za kidijitali unazoweza kuziuza upate shilingi. Walijisifu kwamba hakuna bwana mkubwa katikati. Kila kura na kila malipo huandikwa kwenye daftari la wazi, lile wanaloliita blokcheni, ambalo nakala zake ziko kwenye kompyuta nyingi duniani na hakuna awezaye kulifuta. Niliposoma hapo, ndugu zangu, nilidhani haki imeshuka kutoka mbinguni na kutua kwenye skrini yangu.

Nilirekodi mikono ya mama akikunja majani juu ya kijiti, nikaeleza kila hatua kwa Kiingereza, nikachapisha. Mara ya kwanza tukapata bahati. Mtu mmoja mkubwa wa huko alitupigia kura, na sarafu zikaja. Nilipowapelekea habari, mama mmoja akaniuliza kama sarafu yenyewe inaliwa na chumvi au na sukari. Walicheka mpaka kazi ikasimama. Nilipoziuza na shilingi zikaingia kwenye simu ya mwekahazina wa kundi, kicheko kikapungua, wakaanza kuvaa kanga nzuri siku za kurekodi.

Basi tukakubaliana: kila kitakachopatikana huko ni cha shamba la minazi.

Halafu kukawa kimya. Video nzuri zaidi, malipo hakuna. Nikachimba kanuni za mtandao ule, nikaona nilichopaswa kukisoma mwanzo. Kule kura haihesabiwi kwa kichwa, inapimwa uzito. Ukinunua sarafu nyingi ukazifungia humo, kura yako ni jiwe. Usipokuwa nazo, kura yako ni manyoya ya kuku. Nikawaeleza akina mama, nikidhani watavunjika moyo. Wao wakaniangalia kama mtoto. Wakasema kama kura moja ni nyepesi, basi tufanye mwerya.

Wengine hapa mmetoka bara, niwaeleze. Mwerya ni kazi ya zamu. Leo tunalima kwako sote, kesho kwangu, keshokutwa kwa yule, na hakuna anayelipwa ila zamu yake. Wakafungua akaunti kumi na nne, wengine kwa simu za watoto wao, na kila alasiri baada ya kazi wote wanampigia kura mwenye zamu. Hakuna aliyeficha kitu. Kwao ulikuwa uungwana.

Wiki ya tatu niliamka nikakuta sifuri. Kule malipo hukaa siku kadhaa kabla hayajatolewa, na katika siku hizo mwenye uzito anaweza kupiga kura ya kushusha. Mkubwa mmoja, si yule wa kwanza, alizipitia video zote za mama zangu na kuzishusha moja baada ya nyingine. Akatuachia ujumbe kwamba sisi ni genge, tunapigiana kura ili tuibe kwenye chungu cha wote, yaani fungu moja la sarafu ambalo watu wote wa mtandao hugawana.

Genge. Mama yangu ana miaka sitini na mbili.

Kwa kuwa daftari ni wazi, nikaingia kumtafuta. Nilisoma mistari yake siku nzima, chai ikapoa mbele yangu. Yule bwana alikuwa akichapisha picha ya kikombe chake cha kahawa mara kadhaa kwa siku, na akaunti yake nyingine inakipigia kura kile kikombe, nzito nzito. Kikombe! Kikombe kimoja kilipata zaidi ya video zetu zote. Na hakuna aliyekishusha, kwa sababu nani ana uzito wa kumshusha? Wenzake wanampigia kura, naye anawapigia. Mwerya wetu ni wizi, wao ni wawekezaji. Nikaandika malalamiko kwa adabu, na vielelezo. Nikajibiwa kwa mstari mmoja: nikitaka sauti, ninunue sarafu zaidi.

Nikaenda Malindi mjini, nikachapa kurasa kumi na tisa za daftari lile, zenye kura zao na zetu, nikapaka akaunti za yule bwana kalamu nyekundu. Nikazipeleka Magarini kwenye banda wanakoshonea, nikiwa nimepandwa na mori, niwaonyeshe aliyewaibia. Nilihutubia, wallahi, kama niko bungeni.

Mwekahazina wetu aliacha shule darasa la saba, lakini ameuza samaki sokoni miaka mingi na tarakimu hazimtishi. Alizichukua zile kurasa akazisoma kwa kidole, taratibu, wengine wakiendelea kushona. Alipofika ukurasa wa mwisho akarudi wa pili. Kisha akaniuliza.

"Huyu mwekundu anajipigia kura, nimemwona. Na huyu usiyempaka rangi, anayejipigia kura kila asubuhi, huyu ni nani?"

Ndugu zangu, alikuwa mimi.

Niwaambie kama nilivyowaambia wao. Video zote za mwanzo zilikuwa kwenye akaunti yangu. Niliitegesha ijipigie kura yenyewe kila asubuhi. Na nusu ya sarafu, zile tulizokubaliana ni za shamba, sikuziuza. Nilizifungia humo kwa jina langu ili kura yangu iwe nzito. Nilijiambia ni kwa faida yao, kwamba nikiwa mzito nitawanyanyua. Nilijiambia simu ni yangu, data ni yangu, Kiingereza ni changu. Nilikuwa na hoja kumi na moja, zimepangwa vizuri. Nilichokosa ni kuwauliza.

Mwekahazina hakupandisha sauti. Aliniuliza, "Mwanangu, umeshaona mtu anakuja kwenye mwerya na jembe kubwa, akirudi anaondoka na shamba?"

Hakuna aliyenitukana, na hilo liliniumiza zaidi. Mama yangu alikuwa anashona. Hakuinua macho.

Na ubaya haukuishia hapo. Sarafu ulizozifungia huwezi kuzitoa siku moja. Zinafunguliwa kidogo kidogo, wiki baada ya wiki, na masika ilikuwa karibu. Kodi ya shamba ilikuwa imelala kwenye mtandao kwa sababu yangu. Si kwa sababu ya yule bwana wa kikombe, ingawa simsamehe. Kwa sababu yangu. Nikawauliza wanataka nifanye nini. Wakasema niamue mwenyewe, si nimesoma?

Nilizunguka na hilo siku tatu. Nilifikiria kuacha sarafu zipande bei. Nilifikiria kukopa nizibe pengo kimyakimya. Siku ya nne nikaona kwamba kila njia niliyokuwa naifikiria ilikuwa na mimi katikati, nimeshika funguo. Nikarudi bandani, nikakaa chini kwenye jamvi, nikampa mwekahazina simu. Nikamwonyesha kitufe cha kufungua zote. Akanitazama kidogo, akakibonyeza yeye. Kisha tukazima ile kura ya asubuhi.

Kesho yake tukaenda watatu kwa mwenye shamba: mama, mwekahazina, na mimi na karatasi yangu ya wiki zitakavyofunguka. Alicheka, akasema yeye hakodishi kwa karatasi. Mama yangu ndiye aliyetazama juu, akaona paa la nyumba zake za wageni limeoza. Akamwambia, "Mzee, hili hapa halitavuka masika." Basi wakapatana. Akina mama kumi na wanne wakamwezekea paa jipya, hilo likawa malipo ya kwanza, na sarafu nilizozifungia zikamalizia kodi iliyobaki wiki kwa wiki, zikiingia moja kwa moja kwenye simu ya kundi. Dalali alipokuja na pesa zake alikuta majani yameshaokotwa.

Nawashukuru akina mama wale. Namshukuru aliyezisoma kurasa zangu vizuri kuliko nilivyozisoma mimi. Namshukuru mama aliyenivumilia wiki mbili bila maneno, kisha siku moja akanisogezea sahani ya wali nikajua yamekwisha.

Vijana wenzangu, mtaletewa mitandao mingine ya namna hii, na mtaambiwa kila kitu ni wazi. Ule wetu ulikuwa wazi kweli, tulionyeshwa waziwazi tunavyonyang'anywa. Ulizeni kwanza kura inapimwa kwa kitu gani, na nani aliitengeneza mizani. Halafu tafuteni mstari wenu wenyewe kwenye daftari. Wangu bado upo, hautafutika, na yeyote anaweza kwenda kuusoma.

Ile akaunti niliifunga mbele yao wiki ya mwisho, sarafu zilipokwisha. Siku hiyohiyo nikaomba kuingia kwenye mwerya wa makuti, mtu wa kumi na tano, kichwa kimoja kura moja. Wakanipa majani na kijiti. Kuti langu la kwanza lilipitishwa mkono kwa mkono, likapigiwa kura kama linafaa kupanda paani. Lilikataliwa kwa kura kumi na nne. Lilipata moja tu ya kukubaliwa, na mnajua ilikuwa ya nani.