Chuma Ndani ya Kitenge

Katika basi dogo tulilopanda kwenda Nengo, mzee Nzabonimpa alikuwa amepakata kitu kizito kilichofungwa kwa kitenge. Mama aliyeketi kando yake, aliyerejea kutoka Tanzania, aliuliza kama ni mtoto.

"Hapana, mama. Ni chujio ya moshi ya voiture, gari yangu. Fundi ya garage alisema moteri, injini yake, imekufa. Mi nikakatala! Nililegeza tiyo, bomba ya moshi, mbele ya hii kitu, voiture ikapanda mulima ya Bugeshi ikinguruma. Donc, basi, moteri iko muzima, ni moshi ilikosa njia." Alisema kwa sauti iliyomfikia dereva, ambaye hakuwa ameuliza.

Mama alimpongeza. Aliwahi kuuza vipuri Mwanza, kwa hiyo hakuishia hapo. "Lakini limezibwa na petroli ya huku, baba. Huchanganywa na mafuta ya taa. Ukiweka chujio jipya, litaziba tena."

"Njo maana sinunui. Kwa fundi kule Nengo nitatoboa matumbo yake na nondo, nirudishe ganda tupu. Jumamosi napeleka binti yangu kwa harusi kule Bugeshi. Mwezi jana bakwe walisukuma voiture yangu mupaka kwa mulango yao, wakicheka."

"Kwa hiyo bibi-arusi aingie kanisani akinuka moshi?"

"Anuke! Lakini hakuna mukwe atagusa tena voiture yangu kwa nyuma."

Mama alifungua kinywa kujibu, lakini basi lilisimama Nengo. Abiria wote tuliinuka kumpisha mzee. Alishuka polepole, amekumbatia chuma chake, kama baba wa bibi-arusi anavyopaswa kushuka.