Dada Aliyezirudisha Aya Mbili

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni mdogo wake marehemu. Wale wageni wawili waliosimama langoni walichukua nakala ya ratiba kabla hata wafiwa hatujaipata. Nitasoma polepole. Mnivumilie.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Februari 1963, kifungua mimba wa fundi saa na mshonaji wa sare za shule. Tulizaliwa wawili tu. Tulilelewa katika vyumba viwili nyuma ya duka la baba, ambako saa thelathini ziligonga kila moja kwa wakati wake, na dada ndiye aliyetuambia ipi inadanganya.

Alianza shule ya msingi mwaka 1970, akamaliza sekondari mwaka 1981. Akiwa darasa la sita, mwalimu mkuu aliwaandikia wazazi barua. Siku ya pili ilirudi mezani kwake imesahihishwa kwa wino mwekundu, makosa tisa. Mama alitamani ardhi ipasuke. Mwalimu, Mungu ambariki, alicheka, na tangu hapo hakubandika tangazo bila dada kulipitia.

Mwaka 1983 aliajiriwa kuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji cha kanisa. Mimi nilimfuata baadaye, chumba cha kufunga vitabu. Kazi yake ilitaka watu wawili: mmoja anasoma nakala ya asili kwa sauti, pamoja na kila koma na nukta, mwingine anafuatisha kwa kalamu kwenye prufu, ile chapa ya majaribio. Wa kusoma hakuwa na cheo wala hakuandikwa daftarini. Aliitwa yeyote mwenye nafasi. Biblia nzima dada aliipitia hivyo mara kumi na moja, ikamwingia hadi kwenye sala. Kwake chakula kilipoa tukimsubiri: "Utubariki koma sisi na watoto wetu nukta." Wajukuu wakamwita Bibi Nukta.

Tarehe 17 Desemba 1988 alifunga ndoa na fundi umeme, shemeji yangu huyu aliyekaa mbele. Hadi leo shemeji analalamika kwamba bibi harusi alipotaka kutia sahihi aliona mwaka umekosewa kwenye cheti, na kanisa zima likangoja dakika arobaini kiandikwe kingine. Walijaliwa mabinti wawili.

Kisha vita. Oktoba mwaka jana kiwanda kiliagizwa kuchapa Agano Jipya dogo la mfukoni, nakala elfu arobaini, kwa askari wetu. Afisa aliyeleta agizo alitaka aya mbili zitolewe, zile za kuwapenda adui na kuwaombea.

"Ni kwa muda tu, mama," alisema kwa upole. "Amani ikija tutazirudisha."

"Amani ikija, nani atazihitaji?" dada akamuuliza.

Sisi wengine tuliokuwepo tulirudi kwenye kazi zetu. Upande wa pili nao wana kitabu hiki hiki, wanamwomba Mungu huyu huyu ushindi, na dada alikuwa akisema Mungu lazima ameshachoka. Siku ya kusahihisha, aliyekuwa akisoma kwa sauti aliziruka aya zile.

"Umeruka," dada akasema.

"Nimeambiwa niruke. Nina watoto."

"Najua. Basi wewe nyamaza, nitaandika mimi."

Akaziandika pembeni mwa prufu, akatia sahihi yake, na vitabu vikatoka hivyo.

Aprili mwaka huu askari mmoja mstari wa mbele aliweka bunduki chini, akamwonyesha kamanda wake ukurasa. Tarehe 23 dada alichukuliwa kazini, miwani ikabaki mezani. Alikuwa na shinikizo la damu. Dawa tulizompelekea zilirudishwa, bahasha haijafunguliwa. Kwa siku kumi na mbili aliulizwa swali moja: ulikuwa na nani chumbani? Alijibu alikuwa peke yake. Tulirudishiwa tarehe 5 Mei, nusu ya mwili imepooza. Kwa taabu akanieleza hayo, akanisihi nifunge mdomo. Kesho yake, tarehe 6 Mei 2019, akafariki. Ratiba mliyo nayo inasema "baada ya kuugua kwa muda mfupi." Ndivyo tulivyoelekezwa kuandika.

Jana wamemchukua mama anayefagia kiwandani. Wanasema mtu wa pili ni yeye.

Marehemu ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watano na mdogo wake mmoja. Wageni wangu pale langoni, yule mama mwachieni. Siku ile alikuwa likizo. Aliyesoma kwa sauti ni mimi, na aliyeziruka aya ni mimi. Naogopa, na mke wangu ananitazama. Ninachoomba ni mniache kwanza nimtupie dada yangu udongo.

Dada, pumzika kwa amani.