Utepe wa Manjano: Risala ya Kundi la Pumzi Fupi Mbele ya Mashine ya Mapafu

Mgeni rasmi, Excellence Philippe Muamba, mwakilishi wa wafadhili. Mama Daktari Tatiana, uliyefuatana naye kutoka Lubumbashi. Wakubwa wa hospitali. Batata na bamama, baba na mama zetu wote:

Sisi ni Kundi la Pumzi Fupi, wagonjwa wa mapafu wa Kolwezi na Mutoshi. Tuko thelathini na wanane. Anayewasomea ni mama Domitille Mbombo, na hatukumchagua kwa uzuri wa sauti. Kwetu msomaji huchaguliwa kwa kuhesabu: kila mmoja anavuta pumzi moja, anahesabu kwa sauti mpaka pumzi iishe. Domitille alifika thelathini na moja, akatushinda wote. Akinyamaza katikati ya risala, tafadhali msipige makofi. Atakuwa bado hajamaliza.

KUKUKARIBISHA

Tunakushukuru kwa kuja, hasa kwa namna ulivyokuja. Leo asubuhi lori la maji limepita barabara yetu mara mbili, mpaka lango la hospitali, ili vumbi lisikusumbue. Ndiyo barabara ileile ya malori ya madini. Tuliandika barua nne kuomba imwagiwe maji, tukajibiwa kwamba lori la maji ni bovu. Tunafurahi kuona limepona. Mama Angèle, mweka hazina wetu, ameanika nguo nje kwa mara ya kwanza tangu Pasaka. Karibu kila wiki, Excellence. Hata ukipita tu bila kushuka garini, itatufaa.

HISTORIA YA MASHINE

Mashine unayoizindua inaitwa bronkoskopi. Ni mpira mwembamba wenye taa na kamera kwenye ncha yake. Unapita puani au kinywani, unashuka mpaka ndani ya mapafu, daktari anaona palivyo na anachukua kitu cha kupima. Sisi watu wa migodi tulielewa upesi. Kuna shimo jembamba, kuna taa, na kuna mtu wa juu anayetaka kujua huko chini kuna nini.

Imefika hapa miezi kumi na minne iliyopita, na leo inazinduliwa kwa mara ya tatu. Utepe wa kwanza ulikuwa wa bluu, wa pili mwekundu. Huu wa manjano umependeza kuliko yote, na ni mrefu.

Kati ya uzinduzi mmoja na mwingine, mashine hufungiwa chumbani mwake, madirisha yamezibwa na kiyoyozi kinafanya kazi. Tulipouliza sababu, tuliambiwa kwamba vumbi la Kolwezi ni kali mno, linaharibu vitu laini vya ndani. Tulishukuru kwa habari hiyo.

MAFANIKIO

Mpaka leo mashine imeingia katika picha nyingi na katika watu wawili, mmoja kwa kila uzinduzi.

Wa kwanza ni mama Ndaya, muuza unga kando ya barabara hiyo ya malori. Alipuliziwa dawa ya ganzi kooni, akaacha kuusikia ulimi wake. Aliingiza kidole kuhakikisha kama bado upo, muuguzi akamgombeza. Mpira ulipoingia, anasema, ni kama kuzama huku umeketi kitini. Lakini Mama Daktari, ambaye huja kwa kila uzinduzi, aliona kohozi gumu limeziba njia, akalivuta likatoka. Zamani Ndaya alihesabu mpaka kumi na tatu. Sasa anafika ishirini na nne, na ametuchosha kwa kujisifu. Basi mashine ni nzuri, hilo hatubishi.

Wa pili ni Sadrack, baba wa watoto wawili, mchimbaji wa Mutoshi. Shimoni sauti haifiki juu. Mchimbaji akibanwa huvuta kamba mara tatu, na wa juu wanamtoa bila kuuliza. Sasa Sadrack ana mpira kooni, hawezi kusema, pumzi imembana. Akashika mkono wa koti la Mama Daktari, akavuta mara tatu, akatulia kungoja kutolewa. Hakutolewa. Akavuta tena mara tatu, kwa nguvu zaidi. Wauguzi wakamkamata mikono, mpiga picha akasukumwa, picha zikaharibika, na kwenye karatasi yake pakaandikwa: mgonjwa mkorofi.

Baadaye alimwambia daktari, "Dokta, mi sikukuwa napigana. Nilikuwa nakwambia unitoshe huu mpira kidogo, nipumue."

"Si ungesema?"

"Na kinywa gani, dokta?"

Mama Daktari, hatukulaumu. Hujawahi kushuka shimoni, na hakuna aliyekufundisha. Sisi ndio tuliosahau kukuambia.

CHANGAMOTO

Changamoto yetu moja ameketi mstari wa mbele, karibu na meza ya vinywaji. Ni tata Nkulu, mzee wetu aliyeendesha mashine ya kuponda mawe kwa miaka ishirini na sita. Tangu Februari ya mwaka jana anakohoa damu. Picha ya kifua inaonyesha doa upande wa kulia. Amemeza dawa za kifua kikuu miezi sita, akapumzika, akameza tena miezi sita, na hakuna aliyewahi kumwona huyo mdudu. Inaweza kuwa kansa, inaweza kuwa kitu kinachotibika. Bila mpira huu kushuka, hakuna ajuaye. Januari alihesabu ishirini na mbili. Leo asubuhi alifika tisa, na tuliogopa.

Karatasi yake ya miadi inasema leo, na inasema asile wala asinywe. Tangu jana jioni hajatia kitu kinywani. Lakini ratiba tuliyopewa mlangoni ina risala, hotuba, utepe, picha, chakula cha muda wa saa mbili, kisha uwanja wa ndege. Mgonjwa hayumo. Tulipouliza, mkuu wa itifaki alisema kwamba baada ya mambo ya Sadrack wageni hawapendi tena usumbufu. Tulimwambia tata Nkulu basi ale tu. Akakataa.

"Mi nikikula, batasema ni mi niliharibisha," alisema. "Acheni, nangojea."

MAOMBI

Excellence, hatuombi jengo, na kofia zenye nembo tunazo za uzinduzi wa mara mbili zilizopita.

Tunaomba usiukate utepe. Ufungue, uache mzima. Ncha moja mfunge Mama Daktari mkononi, nyingine mpe tata Nkulu aishike. Akivuta mara tatu, mpira utolewe kidogo, apumue, kisha kazi iendelee. Sadrack atasimama pale kuwafundisha. Kipimo ni nusu saa, na ndege ni saa kumi. Chakula kitapoa kidogo. Tata Nkulu anajua kungoja chakula, atawaonyesha jinsi inavyofanywa.

Januari tulikuandikia juu yake. Mei tukaandika tena. Hii risala ni mara ya tatu.

Kule shimoni, mtu wa juu akivutiwa kamba mara tatu asivute, hatumtukani wala hatumshtaki kwa mkubwa. Hapewi tena kushika kamba ya mtu.

Mungu akupe pumzi ndefu, wewe na nyumba yako, na watoto wako wasijue kuhesabu kama tunavyohesabu sisi.

Ni sisi, Kundi la Pumzi Fupi, Kolwezi. Watu thelathini na wanane, kwa leo.